Mstari wa Rangi ya Kucha

Baba yangu ni fundi wa magari, na katika sanduku lake la vifaa, katikati ya spana na bisibisi, kuna kichupa cha rangi ya kucha nyekundu ambacho ni mali ya mama. Amekuwa akimwibia mama rangi hiyo tangu sijazaliwa. Mama hulalamika, akinunua nyingine anaificha kabatini chini ya kanga zake, na haupiti muda nayo inaonekana gereji, kifuniko kimejaa grisi. Wateja wageni hucheka. Baba haoni cha kuchekesha. Anasema rangi ya kucha haiyeyuki kwa joto la injini, haitoki kwa maji, na imekuja na brashi yake yenyewe ndani ya kifuniko, kwa hiyo aliyeitengeneza alikuwa anawafikiria mafundi hata kama hakujua.

Kazi ya rangi ile ni moja tu. Magari ya zamani, yale yasiyo na kompyuta, yana kifaa kinachoitwa distribyuta, ambacho hugawa moto wa umeme kwa kila plagi kwa zamu yake. Moto ukiwahi, injini inagonga na kuchemka. Ukichelewa, gari linakuwa zito na linakunywa mafuta. Kuupanga moto huo uwake kwa wakati wake ndiko tunakokuita kuseti taimingi. Unalegeza boliti moja, unaizungusha distribyuta kwa mkono, taratibu, huku injini inanguruma, na ukifika pazuri unakaza. Baba akishakaza huchukua ile brashi na kuchora mstari mmoja mwembamba, unaoanzia kwenye mguu wa distribyuta na kushukia kwenye mwili wa injini. Mtu akiisogeza hata unywele, mstari unakatika. Gari likirudi na tatizo, baba hufungua boneti na kuutazama mstari kabla hajagusa chochote. Ukiwa mzima, anajua taimingi haijaguswa na ugonjwa uko kwingine. Ukiwa umekatika, anajua kuna fundi mwingine amepita hapo, na anaanza kusonya.

Nimeyaeleza haya mapema kwa sababu nilichomfanyia baba hakieleweki bila mstari ule.

Gereji yetu iko Bagamoyo, kando ya barabara inayoelekea Mlingotini. Ni banda la mabati, shimo la kushukia chini ya gari, na benchi ambalo wateja hukaa wakijifanya wanaelewa tunachofanya. Magari mapya ya watu waliojenga Mapinga na kwenda mjini kila asubuhi hayaji kwetu, yanataka kuchomekwa kompyuta. Kwetu yanakuja yaliyobaki: pikapu za wakulima wa Miono na vijiji vya huko, na saluni, gari ndogo za wastaafu zinazopanguswa vumbi zaidi ya zinavyoendeshwa. Mimi nilisomea umeme wa magari Dar es Salaam, nikafanya kazi gereji za huko, kisha nikarudi. Watu husema nilirudi kwa sababu baba amezeeka. Ukweli ni kwamba nilichoka kuulizwa na wateja fundi mwenyewe yuko wapi, wakati spana ninayo mkononi. Hapa nyumbani humwuliza baba, na baba hunyoosha kidole kwangu, basi yanaishia hapo.

Baba huseti taimingi kwa sikio. Mimi ninayo taa ya kupimia, ile inayomulika puli, gurudumu la mkanda mbele ya injini, na kukuonyesha alama imesimama wapi, na yeye haichukii, ila anaiona kama miwani ya mtu asiye na tatizo la macho. Alinifundisha kusikiliza kabla sijajua hata jina la kifaa nilichokuwa nimeshika. "Izungushe mpaka injini isimame wima," alikuwa akiniambia, "halafu irudishe kidogo, kama mtu aliyekumbuka kitu nyumbani." Kusimama wima ni pale mlio wa injini unapokuwa mkali kuliko wote. Baada ya hapo tunalipeleka gari barabarani, kwenye kamwinuko fulani ka barabara ya vumbi nyuma ya minazi, tunakanyaga mafuta na kutega masikio. Moto ukiwa unawahi, gari likipanda utasikia mlio mdogo mkali, kama kokoto ndani ya mkebe wa maziwa. Huo mlio si wa kuupuuza. Ukiuacha uendelee, pistoni itatoboka.

Yalianza na pikapu ya mama mmoja anayechukua mananasi mashambani upande wa Miono na kuyaleta sokoni kwetu. Mama huyu ni mteja wa siku nyingi. Akiingia huanza na baba, "Shikamoo fundi," baba aitikie "Marahaba," kisha wanaulizana hali za watu wote wa pande zote mbili mpaka injini ipoe yenyewe. Baba alikuwa ameshaiseti pikapu yake, na sasa ilikuwa imerudi. Ikiwa baridi inawaka vizuri. Ikishapata moto, ukiizima, stata inazunguka nusu na kusimama, kama kuna mtu anaishikilia upande wa pili. Akipanda mlima na mzigo inachemka. Baba akafungua boneti, akautazama mstari wake. Ulikuwa mzima.

"Taimingi iko sawa," akasema. "Hebu niangalizie umeme, mama."

Baba huniita mama, kama baba wengi wa huku wanavyowaita binti zao. Nikaanza kazi. Betri nzima, nyaya za stata nzima. Nikachomoa plagi: zilikuwa nyeupe kama zimepakwa chokaa, na kwenye ncha zake kulikuwa na vidoadoa vidogo vinavyong'aa. Plagi nyeupe ni plagi iliyoungua. Nikapima kwa kibati nafasi ya pointi, zile ncha ndani ya distribyuta zinazokata na kuunga umeme, ikawa sawasawa. Kondensa nzima. Nikafikiria labda vile vyuma vidogo ndani ya distribyuta, vinavyouwahisha moto gari likienda kasi, vimekwama na havirudi. Nikafungua, vinacheza vizuri na springi zake zinavuta. Kilichobaki kilikuwa kile alichosema baba kiko sawa. Alikuwa ameondoka kwenda kununua hosi, nikachukua taa yangu na kumulika puli. Alama ilikuwa imepita mbali mahali pake. Moto ulikuwa unawahi sana.

Nilijisemea, ni siku moja, binadamu hukosea. Nikairekebisha na kuchora mstari upya, nikiiga wake. Lakini nikakumbuka saluni ya mwalimu mmoja mstaafu iliyorudi kabla ya hapo kwa ugonjwa kama ule ule, na pikapu nyingine iliyokuja gasketi imeungua. Mimi nilikuwa nimelaumu petroli, na baba alikuwa amelaumu petroli. Gari moja likiumwa unatafuta ugonjwa ndani ya gari. Magari yakiumwa ugonjwa mmoja na yote yametoka mlango mmoja, unatazama mlangoni.

Siku iliyofuata baba aliseti gari jingine na nikaomba twende wote kulijaribu. Alikanyaga mafuta kwenye kale kamwinuko na zile kokoto zikaanza, kali, tele, hata mimi zilinisumbua meno. Nikamtazama. Baba alikuwa amelaza kichwa upande kidogo, kama siku zote, na alikuwa anatabasamu.

"Umesikia ilivyotulia?" aliniuliza.

Nilisema ndiyo. Sikupanga kusema hivyo. Neno lilinitoka kwa sababu alikuwa amefurahi, na baba akifurahia injini hupendeza kumtazama. Lakini nililisema, na mengine yote yalijengwa juu yake.

Masikio ya wazee yanavyokufa, yanaanza na sauti nyembamba. Sauti nene zinabaki. Baba alikuwa anasikia ngurumo ya injini, anasikia nguvu yake inavyopanda anapoizungusha distribyuta, ila asiyoisikia ni ile sauti ndogo ya kumwambia imetosha, rudi. Kwa hiyo alikuwa anaendelea mbele akitafuta ukali wa mlio alioukumbuka, ukali ambao masikio yake hayawezi tena kuupokea, na kila gari alilipeleka mbele zaidi. Nyumbani mama alikuwa analalamika kwamba televisheni inapiga kelele mpaka kwa jirani, na kwamba akimwita mzee haitiki. "Kuna kitu kimemnunisha," aliniambia, "na hataki kusema." Nilikuwa nimeyasikia yote hayo na sikuyaunganisha, mimi ambaye kazi yangu ni kuunganisha nyaya.

Ningeweza kumwambia. Watu watauliza kwa nini sikumwambia, na jibu la adabu ninalo: mtoto hamwambii mzazi wake kwamba mwili wake umechoka, tena mbele ya wateja waliokaa kwenye benchi. Kwetu mzazi akikosea unatafuta njia ya pembeni. Unajifanya hukuona, unalirekebisha jambo nyuma yake, na heshima yake inabaki. Mama alimfanyia hivyo bibi mzaa baba kwa miaka, akipika upya mchuzi uliozidi chumvi bibi akiwa amelala, na bibi alikufa akijua yeye ndiye mpishi wa nyumba. Sikuvumbua kitu. Nilifanya nilichoona kinafanywa.

Hilo ndilo jibu la adabu. Jingine ni kwamba niliogopa uso wake. Na jingine, ambalo sipendi kuliandika, ni kwamba nilijisikia vizuri. Kuwa mtu anayejua, anayeokoa injini za watu na jina la baba yake bila mtu kujua, kulinipa aina ya utamu ambao sikuupata gereji zote za mjini.

Nilikuwa nasubiri aende msikitini. Adhana ya adhuhuri ikisikika baba hunawa mikono kwa sabuni ya unga, anabadilisha shati na kuvuka barabara, na mimi nikiwa nimemwona ameingia ndani nafungua boneti ya gari aliloliseti asubuhi. Nalegeza boliti, naweka taa, narudisha distribyuta mahali pake, nakaza. Kisha nafuta mstari wake kwa kitambaa chenye tina ya kuyeyushia rangi na kuchora mwingine. Mkono wa baba naujua. Mstari wake huanza mnene pale juu na kumalizika kwa kamkia kanakokwenda kushoto, kwa sababu huinua brashi kabla hajamaliza. Nilijifunza ule mkia. Niliuchora vizuri kiasi kwamba nikiutazama nilikuwa nauona mkono wake pale na si wangu, na wakati huo nilikuwa najipongeza.

Wateja wakaacha kurudi na malalamiko. Yule mama wa mananasi alimletea baba mananasi ndani ya kapu, akasema pikapu imekuwa mpya. Baba akayapokea na kusema yeye hana alilofanya, ni Mungu. Niliona haya, lakini nilikula.

Nilichosahau ni kwamba baba hakumbuki magari kwa namba. Anayakumbuka kwa jinsi alivyoyaacha. Atakwambia gari la fulani distribyuta yake inaangalia boliti ya juu, la fulani inaangalia kizibo cha oili, kama mtu anayekumbuka kila mgeni alikaa kiti gani. Gari likirudi kubadilishwa brekipedi tu, bado atafungua boneti na kusalimia kazi yake. Sasa akaanza kuikuta mahali asipoiacha. Angeukuta mstari umekatika angesonya na kusema kuna mtu ameichezea, na angekuwa sahihi. Lakini mstari ulikuwa mzima. Ulikuwa na mkia wake kushoto.

Mara ya kwanza nilimwona akisimama pale muda mrefu, kidole juu ya rangi. Akaniita.

"Hii niliifunga ikiangalia wapi?"

"Hapo hapo, baba."

"Si kule juu?"

"Hapo hapo."

Akaguna, akafunga boneti polepole. Nami nikarudi kwenye kazi yangu na moyo mwepesi, nikidhani nimeponea chupuchupu. Mjinga mimi.

Baada ya hapo baba alianza kuniuliza vitu. Spana aliyoishika aliniuliza kama ndiyo aliyokuwa nayo mwanzo. Akifunga nati ya gurudumu alirudi kuijaribu, akaenda, akarudi tena. Alianza kunipa funguo za banda nifunge mimi, halafu njiani ananiuliza kama kweli tumefunga. Nilidhani ni uzee unaongeza kasi, na nikamhurumia. Nilimhurumia kwa moyo wangu wote, na nikazidisha uangalifu wa kurekebisha kazi zake.

Mama ndiye aliyenifungua macho, bila kujua. Tulikuwa tunachambua mchicha uani, akasema, bila kuniangalia, kwamba baba siku hizi anasali na kurudia. Akimaliza isha anakaa kidogo, kisha anasimama na kuisali tena, kwa sababu hana hakika kama ameisali. Chakula pia anauliza kama ameshakula.

"Na kwenye adhana amejitoa," mama akasema.

Nikaacha mchicha. Baba amekuwa akiadhini alfajiri kwenye msikiti wetu wa mtaani tangu nikiwa mdogo. Sauti yake ndiyo niliyoamkia kwenda shule. Hakuna aliyemlipa wala aliyemteua, ni kitu alichokuwa nacho, kama wengine walivyo na shamba.

"Amejitoa kwa nini?"

"Amemwambia imamu atafute mwingine. Anasema akili yake haikai tena sawa, ataruka maneno watu wamcheke, au ataamka saa siyo awaamshe watu usiku." Mama akatupa majani mabovu pembeni. "Nilimwambia hajawahi kuruka hata neno. Akasema, wewe hujui, mimi naona kwenye kazi. Nafunga kitu kwa mkono wangu, naweka alama kwa mkono wangu, na nikirudi nakuta akili yangu inasema uongo."

Mchicha niliokuwa nimeushika niliuosha na kuuosha mpaka mama akaniuliza nina nini. Nilikuwa nimetaka kumficha baba kwamba masikio yake yamechoka, na kwa kumficha nilikuwa nimemwondolea akili. Niliyemfanya aamini hivyo ni mimi, kwa brashi ya rangi ya mama, wakati yeye amesujudu. Nilijiona mchafu. Najiona hivyo hata sasa ninapoandika.

Bado sikumwambia siku ile, wala iliyofuata. Nilijipa sababu kwamba natafuta maneno. Maneno yalikuwepo, mimi ndiye sikuwepo.

Kisha ile pikapu ya mananasi ikaja tena, safari hii kwa hosi ya rejeta iliyopasuka. Ilikuwa imejaa mzigo. Yule mama akaenda kukaa kwa muuza chai ng'ambo, na baba akabadilisha hosi. Alipomaliza alisimama juu ya distribyuta, nikamwona amechukua spana. Akalegeza ile boliti. Akaizungusha kule juu alikoiacha yeye mwanzo, akakaza kwa nguvu, na mstari ukakatika mbele ya macho yake.

"Njoo," akaniambia. "Twende ukaniangalizie."

Aliendesha yeye. Tulifika kwenye kale kamwinuko. Alikanyaga mafuta, na kwa mzigo ule kokoto zilipiga kelele vibaya sana. Nilishika mlango.

"Unaona?" akasema. "Hapa ndipo pake. Imesimama wima. Mimi niliiacha hapa, naapa. Lakini nimeikuta kule chini na mstari wangu mzima, mkono wangu, rangi yangu." Alikuwa anaongea kwa sauti ya chini, ingawa hakukuwa na mtu barabarani. "Mwanangu, sijamwambia mama yako yote. Akili yangu inaniondoka. Nataka wewe uanze kuzoea kazi bila mimi, kabla sijaua mtu na gari lake."

"Simama, baba."

"Nini?"

"Simamisha gari."

Alisimama juu, kando ya minazi. Nilishuka, nikafungua boneti, naye akashuka akanifuata akidhani nimeona kitu kimechomoka. Nilimwonyesha vile vipande viwili vya mstari, kimoja kwenye distribyuta na kingine kwenye injini, vilivyoachana.

"Mstari huu si wako," nilimwambia. "Ni wangu. Wewe uliiacha kule juu, kama unavyosema. Mimi niliishusha ukiwa umekwenda kununua hosi, nikafuta mstari wako, nikachora huu."

Alinitazama kama hakusikia, nikaogopa kweli hakusikia. Nikarudia kwa sauti.

"Nimesikia," akasema. "Huu mkia ni wangu."

"Niliuiga."

"Na ile saluni ya mwalimu?"

"Ni mimi."

"Na zote?"

"Zote, baba."

Aliweka mkono juu ya bati la gari. Lilikuwa la moto, lakini hakuutoa. "Kwa nini?"

"Kwa sababu ukiiweka kule juu inagonga. Moto unawahi. Inagonga na huisikii."

"Sasa hivi ilikuwa inagonga?"

"Tangu tulipoanza kupanda."

Akaniambia niingie ndani na kukanyaga mafuta. Nilifanya hivyo, na yeye akainama juu ya injini, sikio moja kisha la pili, kiganja nyuma yake. Niliikanyaga tena na tena. Kila nilipokanyaga ghafla mlio ulikuwepo, na yeye aliinua uso kunitazama kupitia kioo, akisubiri nimwambie kwa kichwa. Nilitikisa kichwa kukubali. Upo. Upo. Mwishowe aliinua mkono nikazima.

"Kwa hiyo ni masikio," akasema.

"Ni masikio, baba."

"Masikio tu."

"Masikio tu. Akili yako haina kitu. Wewe ndiye uliyekuwa sahihi kila ulichokumbuka."

Nilitegemea hasira. Niliitaka, ningeipokea. Baba akakaa kwenye bampa, akavua kofia yake na kuishika magotini, na nikaona mabega yake yanashuka kama mtu aliyetua gunia. Alifurahi. Hilo ndilo lililoniumiza kuliko matusi yoyote, kwamba kuambiwa amekuwa kiziwi kulikuwa ni habari njema. Alicheka kidogo, akafuta macho kwa kofia. Niliona pale kicheko kilipomwisha na kitu kingine kikafika.

"Siku zote hizi," akasema taratibu, "namwomba Mungu anirudishie akili ambayo hakuichukua."

Nilimwomba radhi. Nilipiga magoti kwenye vumbi nikamshika miguu, na yeye akaniambia niinuke, watu watapita, watadhani amenipiga. Aliniambia amenisamehe. Alisema tena nyumbani, mbele ya mama, ili iwe na shahidi, na mama aligeuka akaenda jikoni bila kuniangalia na hakuniangalia kwa siku kadhaa. Sina sababu ya kutoamini msamaha wa baba. Ila najua alinisamehe haraka kwa sababu ya ile furaha, na furaha ile ilikuwepo kwa sababu ya uovu wangu mwenyewe, na nikiufikiria mduara huo sipati pa kukaa.

Pale barabarani alinipa spana. "Iweke unavyosikia wewe," akasema. Sikuwa na taa, kwa hiyo niliseti alivyonifundisha, kwa kuizungusha mpaka isimame wima na kuirudisha kidogo. Aliweka kiganja juu ya mkono wangu wakati naizungusha, si kuniongoza, alitaka tu kujua nimesimama wapi. Kisha akatoa kile kichupa mfukoni mwa ovaroli na kunipa. Nilichora mstari. Ukawa wa hovyo, mzito chini, hauna mkia wowote. Aliutazama kwa muda, akikariri.

"Ukiigusa, niambie."

"Nitakuambia."

Tunafanya kazi hivyo sasa. Yeye anazungusha, mimi nasikiliza, na ninapoinua kidole anaacha. Wateja kwenye benchi wanaona, na hakuna aliyecheka, au kama wamecheka ni huko kwao. Mistari yote inayotoka kwetu siku hizi ni ya mkono wangu na ni mibaya. Milango anafunga mwenyewe tena. Isha anasali mara moja.

Adhana hakurudi. Mama alimsihi, na mimi nilikwenda kwa imamu, nikamweleza ukweli wote nikiwa nimeinamisha uso. Imamu alisema nafasi ni yake wakati wowote. Lakini baba amekataa. Anasema amemwachia mtu, na mtu yule ameshaizoea na anaifurahia, na haiwezekani umpe mwenzio kitu cha Mungu kisha umnyang'anye kwa sababu binti yako alikuwa anachezea distribyuta. Alisema hivyo kwa kutania, na mama akacheka.

Huyo anayeadhini sasa ana sauti nyembamba. Kutoka kitandani baba haisikii, kwa hiyo mama ndiye anayemgusa bega kumwamsha. Mimi chumba changu kiko upande wa msikiti, na naisikia yote.